Kuchagua rangi sahihi za modeli ya boti ya doria ya PT

Kabla hujafungua kopo hata moja, andika vitu vitatu kwenye karatasi: namba ya boti, mwezi na mwaka, na mahali ilipokuwa. Bila hivyo vitatu swali la "rangi yake ilikuwa ipi?" halina jibu. Boti za PT (Patrol Torpedo, yaani boti ndogo za doria zenye topido) za Jeshi la Wanamaji la Marekani zilipakwa upya mara kwa mara. Zilitoka kiwandani na rangi moja, zikafika kituoni zikabadilishwa, na miezi michache baadaye zikabadilishwa tena kulingana na maji zilimofanya kazi. PT-109 ilikabidhiwa jeshini Julai 1942 na ikazama Agosti 2, 1943 katika Visiwa vya Solomon baada ya kugongwa na manowari ya Kijapani Amagiri. Ni kama mwaka mmoja tu, lakini anayeijenga ilivyokuwa gatini New Jersey na anayeijenga ilivyokuwa usiku ule hawajengi boti ya rangi moja.

Mwongozo huu unahusu hasa boti za kampuni ya Elco za futi 80, maana ndizo zinazopatikana kwa wingi kwenye vifurushi vya modeli: Revell kwa kipimo cha 1/72, na Italeri kwa 1/35. Njia yenyewe inafaa pia kwa boti za Higgins za futi 78, kwa boti za topido za Waingereza (MTB) na za Wajerumani (Schnellboot), ambazo tutazigusa kwa ufupi.

Anza na agizo la jeshi, si na karatasi ya kifurushi

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi inakutajia rangi za kampuni fulani tu, na mara nyingi anayeichora huchagua kopo lililo karibu zaidi katika orodha ya kampuni yake. Ichukue kama dokezo. Agizo lenyewe lilikuwa waraka wa SHIPS-2, uliopanga rangi za vyombo vyote katika mifumo yenye namba. Mifumo ya kuijua ni hii:

Mfumo wa 21: nyuso zote za wima ni Navy Blue 5-N, na nyuso zote za bapa, yaani sitaha na mapaa, ni Deck Blue 20-B. Ulilenga kuficha chombo kisionekane kutoka angani, na uliingia katika toleo la Juni 1942.

Mfumo wa 22: Navy Blue chini, Haze Gray 5-H juu, sitaha ni Deck Blue. Mpaka kati ya rangi mbili ni mstari ulionyooka sambamba na maji. Haufuati mkunjo wa ukingo wa sitaha, na wengi hukosea hapo.

Mifumo ya 31, 32 na 33: mabaka. 31 ni ya kukolea, 32 ya wastani, 33 ya mwanga. Mfumo wa 31 ndio uliokuwa na mabaka ya kijani kwa maji ya kitropiki yaliyo karibu na misitu, na mchoro wa 31/20L ulichorwa kwa ajili ya PT. Katika makopo ya rangi za modeli utakutana na majina Navy Green, Ocean Green na Haze Green.

Sasa zingatia jambo moja ambalo wengi hulipita. Rangi ya jeshi haikuwa kila mara kitu kilichotoka kwenye kopo kikiwa tayari. Kulikuwa na uji mzito mweupe ulioitwa 5-U, na rangi ya kutia iliyoitwa 5-TM, yenye weusi na ubuluu. Ukitia 5-TM kidogo unapata kijivu cha mwanga, ukizidisha unapata Navy Blue. Kwa hiyo vijivu vyote vya familia hiyo vina ndugu mmoja: vyote vina ubuluu unaoelekea zambarau. Ukiona kijivu chako kinaelekea ukijani au uhudhurungi, umetoka nje ya familia hata kama weu wake, yaani kiasi cha kukolea au kupauka, ni sawa. Na kwa kuwa mchanganyiko uliweza kufanywa kwa mkono kituoni, boti mbili za kikosi kimoja hazikulazimika kulingana kabisa. Tofauti ndogo ya weu inakubalika, lakini tofauti ya aina ya rangi haikubaliki. Ni mwaka 1945 tu ambapo jeshi lilihamia vijivu visivyo na ubuluu, baada ya madini ya rangi ya buluu kuwa haba.

Tahadhari kuhusu namba za FS. Kitabu cha Federal Standard 595 (FS), cha namba za rangi za serikali ya Marekani, kilitoka mwaka 1956. Hakuna rangi ya Vita Vikuu vya Pili iliyotengenezwa kwa namba ya FS. Mtu akikuambia Navy Blue "ni" FS fulani, anamaanisha tu kwamba namba hiyo inakaribia. Tarakimu ya kwanza inaonyesha mng'ao: 1 ni ya kung'aa, 2 ya kati, 3 ya kufifia. Kwa hiyo usishangae kuona 26270 na 36270 zikitajwa kwa rangi ileile. Kwa boti za Vita vya Vietnam, kama PBR (boti za doria za mitoni), mfumo wa FS tayari ulikuwepo na una maana kamili.

Kinachofaa zaidi kuliko namba yoyote ni kipande cha karatasi kilichopakwa rangi halisi ya kulinganishia. Snyder & Short waliwahi kutoa seti za vipande hivyo kwa rangi za Jeshi la Wanamaji la Marekani. Ukiweza kupata seti kwa mwenzako, ikope. Usiamini picha ya kipande kwenye skrini ya simu, kwa sababu kila skrini ina rangi yake.

Kusoma picha za zamani

Picha nyingi za PT ni za rangi nyeusi na nyeupe. Zinakupa weu, yaani sehemu ipi imekolea kuliko ipi, na mipaka ya mabaka. Hazikupi rangi. Kijani cha kukolea na Navy Blue vinaweza kutoka sawasawa kwenye picha moja. Tumia picha kukagua mchoro, kisha tumia agizo la tarehe ile kuamua rangi.

Aina ya filamu nayo ina neno. Filamu za pankromatiki zinaona rangi zote, lakini za othokromatiki hazioni nyekundu: nyekundu inatoka nyeusi, na buluu inatoka nyeupe kuliko ilivyo. Hili linawahusu hasa wanaojenga vyombo vya Vita Vikuu vya Kwanza. Anayejenga Mimi na Toutou, zile boti mbili za mbao za Waingereza zenye urefu wa futi 40 zilizosafirishwa nchi kavu hadi Ziwa Tanganyika na kuiteka boti ya Wajerumani Kingani Desemba 26, 1915, asiseme kwa haraka kwamba sehemu nyeusi pichani ilikuwa nyeusi. Ikague bendera kwanza. Kama kuna bendera ya Uingereza pichani na nyekundu yake imetoka nyeusi kabisa huku buluu ikiwa nyeupe-nyeupe, hiyo ni othokromatiki, na sehemu ya chini ya boti iliyotoka nyeusi inaweza kuwa ilipakwa nyekundu.

Picha halisi za rangi zipo, na mkusanyo wa 80-G wa Hifadhi ya Taifa ya Marekani ni mahali pazuri pa kutafuta. Alama ya 80-G-K inaonyesha picha za rangi. Hata hizo, tafuta kwanza kitu unachokijua rangi yake ndani ya picha: uso wa mtu, bendera, koti la kuokolea maisha. Kama nyuso za mabaharia zimekuwa za machungwa, basi kijivu cha boti nacho kimevutwa upande huohuo. Picha zilizotiwa rangi na kompyuta ziweke pembeni kabisa. Rangi yake ni kisio la mashine, haikutoka kwenye boti.

Boti zilizohifadhiwa zinafaa kwa maumbo kuliko kwa rangi. PT-617 na PT-796 ziko Battleship Cove, Massachusetts, na ni hazina kwa anayetaka kujua bolti ipo wapi, lakini zimepakwa upya kwa rangi za siku hizi.

Vijiko vya majaribio

Sehemu hii ndiyo inayoamua modeli itafanana au haitafanana, kwa hiyo usiifanye kwa haraka.

Nunua vijiko vyeupe vya plastiki, kumi na viwili vinatosha. Visugue kwa msasa namba 1000 ili rangi ishike, vioshe kwa sabuni ya vyombo, vikaushe. Piga andakoti ya kijivu kwenye nusu ya kila kijiko, nusu nyingine iache nyeupe. Mgongo wa kijiko umepinda kama ubavu wa boti: utaona rangi ikiwa kwenye mwanga, kwenye kivuli na kwenye ukingo kwa wakati mmoja. Kadi bapa haikuonyeshi hayo.

Kwa anayetumia akriliki za Tamiya (XF na namba yake ni jina la kopo), hapa pana pa kuanzia, kwa matone. Navy Blue: XF-63 matone 6, XF-8 matone 4, XF-2 tone 1, halafu XF-7 nyekundu kwa ncha tu ya kijiti cha meno, ndiyo itakayoleta ule uzambarau. Haze Gray: XF-53 matone 5, XF-2 matone 4, XF-8 tone 1. Deck Blue: chukua Navy Blue yako na uongeze XF-63 hadi ionekane ya kijivu zaidi na iliyokolea kidogo. Kwa kijani cha kukolea, anza na XF-5 kisha ivunje kwa XF-63 mpaka ule ukali wa kijani kibichi upotee. Usitumie XF-17 peke yake kama Navy Blue kwa sababu tu imeandikwa "Sea Blue": ina ukijani ndani yake, na ukijani ndio usiotakiwa.

Andika kila mchanganyiko kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mpini wa kijiko hichohicho. Daftari hupotea, mpini haupotei.

Rangi mbichi inadanganya. Akriliki ikikauka hukolea zaidi, na vanishi nayo hubadilisha: ya kung'aa inaikoleza, ya kufifia inaipausha. Kwa hiyo kijiko hakijawa tayari kuhukumiwa mpaka kimekauka saa 24 na kupigwa vanishi ileile utakayomalizia modeli. Ukihukumu mapema utachanganya mara mbili.

Hukumu dirishani, kwenye kivuli angavu, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Jua la moja kwa moja huipausha, na taa ya njano hufanya kijivu chenye buluu kionekane kama cha kawaida. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa madini ya rangi ndani yake si yaleyale. Kama modeli itakaa sebuleni chini ya taa, mwisho kabisa ikague hapo pia. Taa ya meza ya kazi iwe ya mwanga mweupe wa 6500 K au karibu, yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu) ya 90 au zaidi. Hiyo imeandikwa kwenye boksi la balbu.

Kupausha kwa ajili ya udogo

Kitu kilicho mbali huonekana kimefifia kwa sababu ya hewa iliyopo kati. Ukiitazama modeli ya 1/72 ukiwa umbali wa mita moja, ni kama unaitazama boti kutoka mita 72. Ndiyo maana rangi kamili ya kipande cha kulinganishia huonekana nzito mno juu ya modeli ndogo. Kwa 1/35 ongeza asilimia 5 hadi 7 ya rangi ya kupaushia, kwa 1/72 asilimia 15 au karibu na hapo. Navy Blue ndiyo inayonufaika zaidi. Bila kupaushwa huonekana nyeusi, na maumbo yote ya sitaha yanapotea.

Usipaushe kwa nyeupe tupu, maana inaleta ubaridi wa chokaa. Paushia Navy Blue kwa Haze Gray yako mwenyewe, na kijani kwa kijani cha mwanga chenye kijivu. Familia inabaki ileile.

Kiasi, na kupiga rangi

Elco kwa kipimo cha 1/35 ina urefu wa karibu sentimita 70. Rangi kuu ya mbavu na kibanda itakula makopo mawili hadi matatu ya mililita 10, ukihesabu inayopotea hewani. Ya 1/72, yenye sentimita 34, kopo moja linatosha. Changanya yote mara moja kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko, na uongeze theluthi moja ya akiba. Rangi iliyochanganywa kwa jicho haiwezi kurudiwa ikiisha katikati ya ubavu.

Kwa brashi ya hewa yenye sindano ya milimita 0.3, zimua rangi mbili kwa thina tatu ya X-20A, shinikizo 1 hadi 1.2 bar, umbali wa sentimita 8 hadi 10. Kwenye joto la pwani rangi hukauka hewani kabla ya kufika, na uso unakuwa wa vumbivumbi ukiupapasa. Hapo ongeza kicheleweshi cha kukauka asilimia 5, sogea karibu, na upige asubuhi mapema. Ukiona vidoti kama ganda la chungwa, tatizo ni kinyume chake: rangi ni nzito au shinikizo ni dogo.

Anayepaka kwa brashi ya mkono atafanya vizuri zaidi na rangi za kampuni ya Vallejo. Tamiya ya akriliki huiyeyusha ile tabaka iliyo chini ukiipitia tena, na michirizi haiishi. Na kwa ambaye rangi za modeli hazifiki alipo: duka la rangi za magari litakuchanganyia kijivu chochote kwa kulinganisha na kijiko chako, lakini thina ya magari inaila plastiki ya modeli. Inaipasua nyufa ndogondogo na kulainisha kingo. Andakoti ya modeli ikauke siku mbili kwanza, kisha pita nayo kwa tabaka nyepesi sana za ukungu. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyoshika vipande.

Kwa mabaka, piga rangi ya mwanga kwanza, ya kukolea baadaye. Ukingo wa baka kwenye boti halisi ukifumuka kwa sentimita 5, kwenye 1/35 ni milimita 1.4 na kwenye 1/72 ni milimita 0.7 tu. Kwa hiyo kwa 1/72 tumia maskin tepu iliyokatwa kwa wembe mpya, ukingo uwe mkali. Baka lenye ukungu wa nusu sentimita linaifanya boti ionekane kama kitu cha kuchezea.

Chini ya mstari wa maji

Sehemu ya chini ilipakwa rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe vya bahari visigande na wadudu wasitoboe mbao, kazi ileile ambayo majahazi yetu yamefanyiwa kwa deheni tangu zamani. Rangi ni nyekundu inayoelekea hudhurungi. XF-9 inafaa kuanzia, ikitiwa XF-64 kidogo ili isiwe na uzambarau mwingi. Ipake kwanza, zuia kwa tepu, ndipo upige za juu.

Uchakavu: kumbuka ni mbao

Kosa linaloharibu PT nyingi nzuri ni michirizi ya kutu ubavuni. Mwili wa Elco ni tabaka mbili za mbao za mkangazi zenye kitambaa chenye gundi katikati. Mbao hazina kutu. Kutu kiwepo kwenye nanga, mnyororo na vifaa vya chuma vya sitaha, na mchirizi uanzie hapo tu. Rangi ikichubuka, kinachoonekana chini yake ni andakoti au rangi ya awali, au mbao. Chuma king'aacho hakipo hapo. Kwa boti iliyopakwa kijani juu ya kijivu cha kiwandani, vichubuko vya kijivu kwenye kingo za vibanda na njia za kupita mabaharia vinasimulia historia ya boti kwa ukweli.

Jua la kitropiki hupausha sitaha kuliko mbavu. Piga Deck Blue, kisha ongeza Haze Gray asilimia 10 na upite katikati ya mapaa tu. Nyuma, kwenye tezi, penye matundu ya moshi wa zile injini tatu za Packard, weka masizi mepesi, kijivu cha kukolea zaidi kuliko nyeusi. Usawa wa maji weka mstari mwembamba wa kijani-hudhurungi wa mwani, umeyeyushwa hadi karibu uwe maji.

Waingereza na Wajerumani, kwa ufupi

MTB za Uingereza: namba za rangi za kuanzia 1943, kama G45 au B15, zina siri rahisi. Herufi ni aina, G kijivu na B buluu, na tarakimu ni asilimia ya mwanga unaorudishwa. Kwa hiyo G45 ni kijivu cha mwanga, na G10 ni cha kukolea sana. Kabla ya hapo utakutana na 507A ya kukolea na 507C ya mwanga.

Schnellboot: vijivu vya Wajerumani vina namba za RAL, orodha ya rangi ya Kijerumani, zenye uhusiano wa kweli. Hellgrau 50 ni RAL 7001 na Dunkelgrau 51 ni RAL 7000. Lakini boti nyingi zilipakwa weupe uliovunjwa, ulioitwa Schnellbootweiss. Kwa huo usichukue XF-2 tupu. Tia XF-19 tone moja kwa matone tisa, na uone jinsi maumbo ya kibanda yanavyoanza kujitokeza.

Ukimaliza, funga vanishi ya kung'aa kabla ya stika za namba ili zisiache mng'ao wa fedha pembeni, kisha vanishi ya kufifia juu ya vyote. Ile akiba ya theluthi moja itie kwenye chupa ndogo, iandike namba ya boti na tarehe, na uifunge pamoja na kijiko chake. Mlingoti ukivunjika mwakani utakuwa na rangi yake hasa.